Kabla hujampa fundi laptopu yako, au kabla hujaiuza, kuna kazi ya kufanya ukiwa bado nyumbani

Habari zenu wadau. Mimi nipo kitengo cha TEHAMA kwenye taasisi moja ya umma hapa Dar es Salaam, upande wa usalama wa mifumo, na leo naomba tuongee kitu ambacho naulizwa karibu kila wiki ila shida ni kwamba watu wananiuliza wakiwa wameshachelewa, mtu anapiga simu laptopu ipo kwa fundi siku ya tatu ndo anaanza kukumbuka humo ndani kaacha nini.

Majuzi dada mmoja kanipigia yupo Kariakoo, kasimama dukani kwa fundi, laptopu yake imepasuka kioo. Fundi kamwambia aiache, arudi kesho jioni, na aandike jina, namba ya simu na paswedi kwenye kile kikaratasi kinachobandikwa juu ya mfuniko kwa selotepu. Akaniuliza, kaka niandike? Nikamwambia subiri kwanza, humo ndani kuna nini. Akanyamaza kidogo afu akaanza kuhesabu: kitambulisho cha NIDA alichoskani, vyeti vyote toka kidato cha nne, picha za pasipoti saizi, sahihi yake aliyoiskani ili awe anaibandika kwenye barua, picha za mtoto, WhatsApp ya kwenye laptopu iko wazi, email ya kazini iko wazi, na paswedi zake zote zimesevu kwenye Chrome. Sasa hebu fikiria, hivo vyote unaviandikia ufunguo kwenye kikaratasi unabandika juu ya mfuniko, afu laptopu inakaa kaunta mtu yeyote anapita anaona.

Nikamwambia kioo hakihitaji paswedi hata kidogo. Fundi akishafunga kioo kipya anawasha, ikifika pale inapoomba paswedi maandishi yanaonekana vizuri, hakuna mistari, hakuna doa, basi kazi imeisha. Akitaka kupima zaidi anaingia BIOS (setingi za mashine yenyewe zinazofunguka kabla ya Windows), au anawasha na flashi yake mwenyewe yenye Windows au Linux. Fundi alikubali bila ubishi wowote, na hapo ndo ninapotaka tuanzie, mafundi wengi wanaomba paswedi kwa mazoea tu, ukimwambia hapana na ukamwambia atapimaje, anaelewa.

Paswedi inafungua nini hasa

Watu wengi wanaichukulia PIN ya laptopu kama ufunguo wa geti, kwamba mtu akiingia getini bado kuna milango mingine ndani. Sivyo. Kwenye Windows ukifungua Chrome au Edge ukaenda sehemu ya paswedi zilizosevu, ukitaka kuiona paswedi yenyewe inakuomba PIN ileile ya laptopu. Yaani tarakimu nne au sita ulizomwandikia fundi ndo hizohizo zinazofunua paswedi ya email, ya Facebook, ya mfumo wa ofisini, ya benki kama uliisevu humo. Na email ikishafunguka kila kitu kingine kinafuata maana kila "umesahau paswedi" inatuma linki kwenye email. Na kwa mazingira yetu hapa kuna hatari nyingine ambayo watu hawaiwazi, namba ya NIDA pamoja na picha yako na sahihi yako vikikaa folda moja ni karibu kila kitu mtu anachohitaji kujaza fomu kwa jina lako, iwe mkopo au kitu kingine.

Sisemi mafundi ni wezi, naomba nieleweke vizuri hapa. Nawajua mafundi waaminifu miaka na miaka, wanaokusumbua kwa simu uje uchukue flashi yako uliyoisahau kwenye tundu. Ila laptopu yako haikai mkononi mwa mtu mmoja. Unamkabidhi fundi uliyemzoea, akikuta ni mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) anaipeleka kwa fundi wa mazabodi jengo la pili ghorofa ya tatu, huyo ana vijana wawili wanajifunza kazi, spea ikikosekana inalala pale siku nne. Uaminifu wa yule uliyemkabidhi hauwezi kufika kwa wote hao.

Na hii haipo kwetu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph kule Kanada walitoa utafiti mwaka 2022, walichukua laptopu nzima kabisa wakazima tu draiva ya sauti, yaani programu inayoendesha sauti, ubovu ambao fundi anaumaliza kwa dakika chache bila kufungua folda yoyote, wakaweka ndani programu ya kurekodi kila kinachobonyezwa, wakazipeleka kulala kwenye maduka ya matengenezo zaidi ya 10. Rekodi zilipokuja kusomwa, kwenye maduka 6 mafundi walikuwa wamefungua vitu binafsi vya mwenye mashine, na maduka 2 kati ya hayo walikuwa wamekopi kabisa kwenda kwenye vifaa vyao. Kwenye utafiti huohuo walienda kuulizia kubadilishiwa betri, betri tu, na karibu maduka yote yakataka paswedi. Na wale wanaokumbuka mwaka 2008 kule Hong Kong, picha za faragha za msanii Edison Chen na wanawake kadhaa zilivosambaa dunia nzima, zilitoka kwenye laptopu iliyopelekwa kwa fundi, na fundi mmoja alihukumiwa kifungo mwaka uliofuata. Kifungo alipewa ila picha hazikurudi.

Kwahiyo kabla hujatoka nyumbani jiulize ubovu ni wa nini

Hili ndo swali la kwanza na linakupunguzia kazi nusu. Kama ubovu ni wa hadiwea, yaani kioo, kibodi, bawaba, tundu la chaji, betri, feni, spika, fundi anahitaji mashine, hahitaji akaunti yako. Dawa nzuri kuliko zote hapa ni kuitoa diski ukaiacha nyumbani. Najua inatisha kidogo kusikia ila kwenye laptopu nyingi za kawaida ni skrubu za mfuniko wa chini na skrubu moja au mbili za diski. Za zamani zinakuwa na hadi diski (hard disk, ile inayozunguka) au SSD (diski ya chipu, haizunguki) ya inchi 2.5, kiboksi bapa kinaenea kiganjani, za sasa zina SSD ndogo nyembamba kama kipande cha bigijii imeshikwa na skrubu moja tu. Kama hujiamini mwambie fundi aitoe mbele yako afu uweke kwenye bahasha uondoke nayo, fundi anayejua kazi hatashangaa. Zingatia tu kwamba laptopu za bei nafuu zenye hifadhi ya eMMC, na MacBook za miaka ya karibuni, hifadhi imechomelewa kwenye mazabodi, haitoki, hizo itabidi utegemee usimbaji, yaani kufumba data, ambao nauelezea hapo chini.

Kama ubovu ni wa softiwea, mfano Windows haiwaki vizuri, inajizima, ina virusi, printa haikubali, hapo fundi lazima aingie ndani. Basi mtengenezee akaunti yake. Windows 11 nenda Settings, Accounts, Other users, ongeza mtu mpya, ikikuomba email chagua kwamba huna taarifa za huyo mtu afu chagua kuongeza mtumiaji asiye na akaunti ya Microsoft. Iite "fundi", mwekee paswedi rahisi, hiyo ndo unaandika kwenye kikaratasi. Ila hapa kuna kitu lazima nikiseme maana nimeona watu wanajidanganya: ukimpa hiyo akaunti uwezo wa msimamizi mkuu, anaweza kufungua folda zako kama kawaida, Windows itamuuliza tu kama anataka ruhusa atabonyeza ndiyo. Kwahiyo iache iwe akaunti ya kawaida, na kama kazi inahitaji msimamizi, kaa pale muifanye wote uwe unaandika paswedi mwenyewe. Na kama hilo haliwezekani, basi toa bakapu ya kila kitu, futa vyote, mpe mashine tupu. Kama mnaenda kupiga Windows upya kuna sababu gani ya kumpelekea mafaili yako?

Bakapu na ule mtego wa OneDrive

Bakapu sitaongea sana, nunua hadi diski ya nje, kopi vitu vyako, afu fungua mafaili mawili matatu kwenye laptopu nyingine uhakikishe yanafunguka, maana kukopi siyo sawa na kuwa na bakapu mpaka uone inafunguka.

Ila OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, naomba nisimame kidogo. Mwalimu mmoja wa sekondari aliamua kuisafisha laptopu kabla ya kuipeleka kwa fundi, akafanya vizuri kwa nia nzuri kabisa, akaenda kwenye Documents na Desktop akafuta kila kitu akijua kwamba kopi ipo juu kwenye OneDrive. Hakujua zile folda zimeunganishwa, ukifuta huku chini na kule juu vinafutika. Matokeo ya mitihani ya madarasa mawili yakapotea kote kote. Tulivipata kwa sababu OneDrive ya mtu binafsi inatunza vilivyofutwa kwa siku 30 kwenye pipa lake na yeye alikuja siku ya 12. Angekuja baada ya likizo ingekuwa habari nyingine. Kwahiyo utaratibu ni huu, kwanza bonyeza kile kialama cha wingu pale chini kulia, nenda kwenye setingi, tenganisha hiyo laptopu na OneDrive, afu ingia OneDrive kwa simu uone mafaili yapo, ndo ufute huku kwenye mashine. Google Drive na Dropbox nazo zinafanya hivohivo.

Zile namba 48

Sasa tuje kwenye usimbaji, kwenye Windows inaitwa BitLocker, na kwenye Windows za Home inaitwa Device Encryption. Kazi yake ni kwamba kila kilichoandikwa kwenye diski kinakuwa kimefumbwa, mtu akiichomoa diski akaiweka kwenye mashine nyingine anaona takataka tu. Bila hiyo, paswedi ya Windows haizuii chochote kwa mtu mwenye flashi ya Linux, anawasha na flashi anaona folda zako zote kama vile hakuna paswedi. Ndo maana nasema iwashe. Na wengi wenu imeshawashwa bila nyie kujua, maana kuanzia Windows 11 toleo la 24H2 lililotoka mwaka 2024, mashine inayopigwa Windows upya ukiingia na akaunti ya Microsoft usimbaji unajiwasha wenyewe.

Ni kitu kizuri sana ila kina upande wake wa pili. Ufunguo unakaa kwenye chipu inayoitwa TPM, kwa laptopu nyingi chipu hiyo ipo kwenye mazabodi au ndani ya prosesa. Ukibadilishiwa mazabodi chipu imebadilika, ukibadilisha setingi fulani za BIOS nayo inashtuka, basi ukiwasha inakuja skrini ya bluu inakuomba namba 48. Siyo paswedi yako, siyo PIN, ni namba 48 zimegawanywa makundi 8 ya tarakimu sita sita, na kama huna hakuna fundi wala Microsoft wenyewe wa kukufungulia.

Mzee mmoja mhasibu alikutwa na hilo. Mazabodi iliungua kwa umeme, fundi kaibadilisha vizuri, bei nzuri, mashine imewaka, skrini ya bluu. Mzee anasema hajawahi kuwa na hizo namba maishani. Tukaingia kwenye akaunti yake ya Microsoft, hakuna. Tukajaribu email ya kazini, hakuna. Tukakaa saa nzima ndo akakumbuka, siku anainunua yule kijana wa dukani ndiye aliyeiwasha mara ya kwanza akamsaidia kuiset, na kijana aliweka email yake yeye mwenyewe ili amalize haraka. Miaka miwili ufunguo wa vitabu vya hesabu vya yule mzee umekaa kwenye akaunti ya mtu ambaye hajui hata jina lake la pili. Bahati kijana alikuwa bado yupo pale dukani, akaingia, akasoma namba moja moja kwenye simu huku mzee anaandika na kalamu, kundi la kwanza, la pili, mpaka la nane. Aliandika nyuma ya risiti ya fundi. Nilimwomba aikunje aiweke pochi ya ndani maana mikono ilikuwa inamtetemeka.

Kwahiyo leo hii, kabla hata laptopu haijaharibika, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti yako, andika hizo namba kwenye daftari ubaki nazo nyumbani, zisiwe ndani ya laptopu hiyohiyo. Kama zipo nyingi linganisha zile herufi za mwanzo za kitambulisho cha ufunguo na zile zinazoonekana kwenye skrini. Na kama uliwashiwa dukani, fungua Settings, Accounts, uangalie email iliyopo pale ni ya nani. Mashine ikirudi kutoka kwa fundi na inaomba namba, ziandike wewe mwenyewe, usimtumie fundi kwa WhatsApp. Wenye Mac kwao ni FileVault, ufunguo wa akiba utunze hivohivo.

Vitu vingine vya kufanya kabla ya kutoka: kwenye simu yako fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, itoe laptopu. Toka kwenye Chrome kabisa, siyo kufunga dirisha, utoke kwenye akaunti na ukubali kufuta data zake kwenye mashine hiyo. Toa flashi, toa memori kadi, toa laini kama ina sehemu ya laini. Afu piga picha namba ya mashine iliyopo chini, na uandike ina RAM kiasi gani na diski ya ukubwa gani, unaona kwenye Task Manager sehemu ya Performance. Hii inasaidia pande zote mbili, fundi halaumiwi bure na wewe huibiwi, maana kesi za kupeleka GB 8 ikarudi GB 4 zipo na usipokuwa na rekodi huna cha kusema.

Ikirudi usiikumbatie tu

Angalia RAM na diski kwanza. Afu angalia programu zilizowekwa, ukikuta AnyDesk au TeamViewer na hukuiomba, itoe, hizo zinamruhusu mtu kuingia kwenye mashine yako akiwa popote. Angalia akaunti za watumiaji kama kuna jina geni, na ile ya "fundi" ifute.

Kikubwa zaidi ni hiki, na hapa ndo naona madhara mengi kuliko hata ya kuibiwa picha. Ukimwomba fundi akuwekee Windows na Office, mara nyingi anakuwekea zilizokrakiwa, yaani zisizo na leseni, na ile programu ya kukrakia Defender (kinga ya virusi ya Windows) inaikataa kwa sababu inaiona ni virusi, kwahiyo fundi anazima Defender au anaiwekea folda ya kuruka. Akimaliza anaondoka bila kuirudisha. Wewe unaenda nyumbani unafurahi Word inafunguka, kumbe mlango uko wazi miezi. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka mpaka chini kwenye Exclusions, ukikuta kuna folda au diski C nzima imeorodheshwa pale, itoe, afu washa Defender upige skani kamili. Na kama ulilazimika kutoa paswedi halisi, badilisha siku hiyohiyo, anza na email.

Sasa kama unaiuza

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani haziwezi Windows 11 kwa sababu hazina TPM 2.0 au prosesa ni ya zamani, kwahiyo watu wanaziuza, wanawapa wadogo zao, ofisi zinazipiga mnada. Na karibu wote wanafanya kitu kimoja, wanafuta mafaili, wanamwaga pipa, wameridhika.

Kufuta faili ni kama mwenye nyumba akate jina la mpangaji kwenye daftari wakati mpangaji bado yupo chumbani na vyombo vyake. Kompyuta imeandika tu kwamba hicho chumba kinaweza kupangishwa, mpaka aje mwingine aingie, yule wa kwanza bado yupo. Kufomati kwa haraka ni kuchana daftari lote, vyumba bado vimejaa. Kwenye mafunzo huwa naonyesha hivi, nachukua flashi ya GB 8, naomba mtu aweke picha zake tano, anafuta, anaifomati, afu naendesha PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, ambayo ni ya bure kabisa mtu yeyote anaipakua. Hazichukui muda picha zinaanza kurudi moja moja, na ukumbi wote unakuwa kimya.

Wataalamu wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 za mtumba Marekani kati ya mwaka 2000 na 2002. Zilizokuwa zinafanya kazi 129, zilizosafishwa sawasawa 12 tu. Humo walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, taarifa za matibabu, barua za mapenzi. Na kwa ofisi zinazodhani hili ni la watu binafsi, mwaka 2022 wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani, SEC, waliitoza benki ya Morgan Stanley faini ya dola milioni 35, kisa mojawapo ni kumpa kazi ya kuondoa diski kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na ujuzi huo, vifaa vikaja kuuzwa mtandaoni vikiwa na data za wateja. Kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na Tume yake ipo, Kenya wana yao toka 2019, kwahiyo SACCOS, zahanati au shule inayouza kompyuta na majina ya watu ndani, wenye majina wana haki ya kulalamika na mtaulizwa nyie.

Njia ya kusafisha inategemea aina ya diski. Hadi diski ya zamani ile inayozunguka, unaiandika juu mara moja mwanzo mpaka mwisho, inatosha, habari za kurudia mara 7 au 35 ni za teknolojia ya zamani. Diski ya GB 500 inaweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi, iache kwenye chaji ukalale. SSD ni tofauti, yenyewe inahamishahamisha data ndani kwa ndani ili isichakae upande mmoja, kwahiyo ukiandika juu unaweza usifikie kila sehemu. Kwa SSD ni bora iwe imesimbwa toka mwanzo, maana ufunguo ukifutwa kilichobaki hakisomeki, au utumie amri ya kufuta iliyopo kwenye BIOS, Dell wanaiita Data Wipe, HP Secure Erase, ThinkPad za Lenovo nazo wanayo ya kwao.

Kwa mtu wa kawaida mwenye Windows 11 njia rahisi ni hii, hakikisha BitLocker imewashwa na imemaliza kusimba diski yote, afu Settings, System, Recovery, Reset this PC, chagua Remove everything, na hapa usibonyeze haraka, ingia kwenye Change settings uwashe Clean data. Hicho kitufe wengi wanakiruka, bila hicho inafuta kwa juu juu. Ukichagua Cloud download andaa bando la kama GB 4, ukichagua Local reinstall haili bando. Mwenye Mac yenye chipu ya Apple au T2, na macOS Monterey kwenda mbele, ana kitufe kimoja cha Erase All Content and Settings, kinafuta na kukutoa iCloud kwa pamoja, ila hakikisha Find My imetoka kweli, ikibaki mnunuzi anakutana na Activation Lock, kufuli linalodai akaunti yako, na atakutafuta, na akikukosa ataonekana yeye ndo kaiba.

Kama uliweka paswedi ya BIOS itoe kabla ya kuuza. Afu ingia kwenye akaunti ya Microsoft na ya Google kwa simu, sehemu ya vifaa, itoe hiyo mashine. Na laptopu ya ofisi usiiuze wala usiifute mwenyewe hata kama umeambiwa baki nayo, ipitishe TEHAMA kwanza, maana inaweza kuwa imesajiliwa kwenye mfumo wa taasisi na hata ikifutwa inarudi kuomba akaunti ya taasisi. Wanaonunua zile za mtumba kutoka Dubai na Uingereza na nyie hilo liangalieni, kabla hujatoa hela ifutwe na ianze kusetiwa upya mbele ya muuzaji ikiwa imeunganishwa na intaneti, ikileta jina la kampuni usiyoijua, iache.

Iliyokufa kabisa unayotaka kuiuza skrepa, toa diski. Laptopu imekufa ila diski mara nyingi ni nzima. Huitaki tena, toboa kwa drili matundu kadhaa ukiwa umevaa miwani, maana sahani za ndani za diski ndogo nyingi ni za kioo na zinaruka vipande. SSD hakikisha kila chipu nyeusi imevunjika, siyo moja tu.

Ile nzima inayoenda kwa mnunuzi, ukishamaliza kuifuta iache iwake yenyewe mpaka inapofika pale inapouliza upo nchi gani. Usijaze chochote. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, chomoa chaja, ifunge. Mnunuzi akifika, aiwashe yeye.